Mchumi Akibisha Hodi: Mwongozo kwa Asiyejua Yatakayomkuta

Mwongozo huu ni wa mwenye kaya, mtendaji wa kijiji, waziri mpya wa fedha na yeyote anayeishi kwenye nchi inayoendelea na hajawahi kufanyiwa utafiti. Hao wa mwisho wamebaki wachache. Mkazi wa Busia au Siaya, kule magharibi mwa Kenya, anaweza kuuacha kabisa au kuuandika upya yeye mwenyewe, maana ameshakutana na wachumi wengi kuliko waziri.

La kwanza kujua ni kwamba wachumi wa maendeleo si kabila moja. Wapo wa ukuaji, wapo wa umaskini, wapo wa msukosuko. Kuwachanganya kunaleta fedheha. Ukimwambia wa ukuaji kwamba huna chakula, atakuuliza unatumia mwaka gani wa kizio. Ukimwambia wa msukosuko, ataandika kwamba mahitaji ya ndani yameanza kupungua kama ilivyotarajiwa.

Wa ukuaji

Huyu hupatikana hotelini, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, baina ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Shambani kwako hafiki. Kinachomkosesha usingizi ni Pato la Taifa, na uwezo wake mkubwa ni kuitajirisha nchi bila mtu yeyote kupokea hata senti. Ghana ilitajirika hivyo Novemba 2010: ofisi ya takwimu ilibadili mwaka wa kizio, uchumi ukaonekana mkubwa kwa asilimia 60 kuliko ulivyodhaniwa, na nchi ikapanda daraja. Aprili 2014 Nigeria ikafanya vivyo hivyo na kupata nyongeza ya asilimia 89, ikaipita Afrika Kusini kwa siku moja. Kizio chao kilikuwa cha 1990, enzi ambazo filamu za Lagos na simu za mkononi hazikuwa zikihesabiwa kitu. Kenya ikafuata Septemba mwaka huohuo na asilimia zake 25. Nairobi siku ile hakuna mama aliyeuza sahani moja ya ziada ya githeri.

Usiharakishe kucheka. Takwimu mpya zilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko zile za zamani, na hapo ndipo pa kuogopa. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, ushauri ulikuwa ukitolewa juu ya zile za zamani, tena kwa nukta na desimali, na watu wazima wakagombana kuhusu nusu asilimia. Morten Jerven, Mnorwei mmoja, alizunguka kwenye ofisi za takwimu za Afrika, akatoa kitabu mwaka 2013 kuonyesha namna namba hizo zinavyopikwa: watumishi wachache, makisio mengi. Hakupendwa sana.

Tanzania nayo iliingia uchumi wa kati Julai 1, 2020. Kizingiti cha Benki ya Dunia kilikuwa dola 1,035 kwa mtu kwa mwaka, sisi tukawa na 1,080. Tofauti ni dola 45, yaani pengine jozi mbili za viatu vya heshima. Wananchi wengi waliuliza hizo 1,080 zao ziko wapi. Usimuulize hilo mchumi wa ukuaji. Ni swali la mgawanyo, na mgawanyo uko dawati lingine.

Angalizo la kisheria: mwaka 2018 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka uliofuata kifungu hicho kililegezwa. Katikati ya hapo, mwenye busara alihesabu kuku wake kimyakimya.

Wa umaskini

Huyu ndiye atakayefika kwako. Haji mwenyewe. Humtuma mdadisi, kijana mwenye kishikwambi, fulana ya mradi na vumbi hadi magotini, ambaye ameshapita kwa mtendaji, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mpe kiti, mpe maji. Ana kaya nyingi za kumaliza kabla jua halijazama, na katika mlolongo mzima kuanzia kwako hadi Washington ndiye mtu pekee atakayekuwa ameuona uso wako.

Atakuuliza mmekula nini siku saba zilizopita. Atataka kujua kila kitu, kiasi gani, kimenunuliwa au kimetoka shambani, na kama ni cha shambani kingeuzwa bei gani. Asiyejihadhari hukwama hapa. Mchicha uliochumwa nyuma ya nyumba una bei. Dagaa walioletwa na shemeji wana bei. Fungu la nyanya litapimwaje, na mafungu ya Jumatano ni madogo kuliko ya Jumamosi? Mama wa nyumba atakumbuka chumvi na mafuta ya taa. Baba atakumbuka nyama, na bia ataisahau kwa moyo mweupe kabisa mbele ya mkewe.

Usidhani kusahau kwenu ni jambo dogo. Mwaka 2007 na 2008, hapahapa Tanzania, watafiti walichukua kaya 4,000 na kuzigawa kwa nasibu kwenye madodoso ya namna 8. Wengine waliulizwa ya siku saba, wengine ya mwezi, wengine wakapewa daftari waandike kila wanachotumia. Watu walikuwa wa aina moja na vijiji vilevile, lakini kiwango cha umaskini kilipanda na kushuka kulingana na fomu. Kwa hiyo mdadisi akija na orodha ndefu, utakumbuka mengi na kutoka tajiri kidogo; akija na fupi, pole.

Kisha kuna mstari wenyewe wa umaskini. Wa kwetu, kwa utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18, ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Aliyetumia 49,321 alihesabiwa kuwa amepona. Wa Benki ya Dunia una tabia ya kuhama: ulianza na dola moja kwa siku mwaka 1990, ukawa 1.25, ukawa 1.90, ukawa 2.15, na Juni 2025 ukapandishwa hadi dola 3. Kwa badiliko hilo la mwisho zaidi ya watu milioni 100 duniani waliingizwa kwenye ufukara uliokithiri asubuhi moja, na uji wao wa asubuhi hiyo ulikuwa uleule. Sababu za kitaalamu zipo na ni nzuri. Lakini ukiambiwa kwamba umaskini umepungua au umeongezeka, uliza kwanza kama waliohama ni watu au mstari.

Swali la paa lijibu kwa utulivu. Huko Rarieda, Siaya, shirika la GiveDirectly lilipoanza kugawa fedha bila masharti, kigezo cha kumtambua maskini kilikuwa paa la nyasi. Mwenye nyasi alistahili, mwenye bati hakustahili. Fedha zikaingia kwenye simu kwa M-Pesa, na kitu kimojawapo kikubwa ambacho watu walikimbilia kununua ni bati. Fikiria sasa hali ya jirani aliyejibana misimu miwili, akauza mbuzi, akaezeka mwezi mmoja kabla wadadisi hawajafika. Hatukushauri ubaki na nyasi ukisubiri mradi, kwa kuwa mvua haina ratiba ya wafadhili. Tunasema tu kwamba ulizia kwanza kwa mwenyekiti kama kuna shangingi limeonekana wilayani.

Hata hivyo hawa wa fedha mkononi wanastahili haki yao. Kwa miaka na miaka warsha zilijadili kama maskini akipewa hela atazinywea. Wao walikwenda wakampa, wakarudi wakauliza, na matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Baadaye, hukohuko Siaya, zaidi ya kaya 10,000 zilipewa kama dola 1,000 kila moja. Kila dola ikazaa zaidi ya dola mbili kwenye uchumi wa eneo lile, wenye maduka na mafundi wakafaidi hata kama hawakupewa, na bei sokoni hazikutikisika kwa kiasi cha kutajika. Ushahidi huo ungeweza kutafutwa miaka ya sabini, ila hapakuwa na aliyefikiria kwamba maskini anaweza kuaminiwa na pesa taslimu.

Ukiingizwa kwenye bahati nasibu

Michael Kremer alifundisha shule magharibi mwa Kenya akiwa kijana, akarudi baadaye akiwa mchumi, na tangu hapo Busia haijapumzika. Mbinu yake ni ya kurusha shilingi: shule hizi zipate, zile zisubiri, kisha tulinganishe. Mwaka 2019 yeye, Esther Duflo na Abhijit Banerjee walipewa tuzo ya Nobel kwa njia hiyo.

Kwa asiyejua, hatari iko kwenye kundi la kulinganishwa. Ukiambiwa "ninyi mradi wenu unakuja baadaye", umeshaingizwa. Kazi yako sasa ni kubaki ulivyo mpaka wamalize kuhesabu, na utaifanya bila posho.

Mambo mengine waliyoyapata yalimuumiza kila mfadhili mwenye nia njema. Vitabu vya kiada vilivyogawiwa mashuleni viliwainua wale tu waliokuwa tayari wakiongoza darasa, kwa sababu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa pale hiyo ni lugha ya tatu. Mwalimu yeyote wa Butula angewaambia hilo bure, lakini maneno ya mwalimu hayana kundi la kulinganishwa. Chati za ukutani hazikufanya kitu. Dawa za minyoo ndizo zilizotia fora: katika mradi wa shule 75, utoro ulipungua kwa robo, na Kremer na Edward Miguel walipochapisha matokeo mwaka 2004, minyoo ikawa maarufu kuliko mawaziri. Mwaka 2015 watafiti wa London wakayachambua upya matokeo yale, wakakuta makosa kwenye hesabu, hasa kuhusu faida kwa shule za mbali, na vita vikali vikapiganwa ambavyo minyoo yenyewe haikupata habari zake.

Lakini chukua habari ya vyandarua. Wataalamu wengi, tena wenye sauti, walishikilia kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Mama mjamzito alipe kidogo, ndipo atakitumia. Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakalipima jambo hilo kwenye kliniki za magharibi mwa Kenya. Bei ilipotoka sifuri hadi senti 60 za dola, idadi ya waliochukua ilianguka kwa pointi 60 za asilimia, na waliolipa hawakukitumia chandarua zaidi ya waliopewa bure. Senti 60! Hoja iliyozuia vyandarua kwa miaka iliangushwa na wanawake wawili waliokwenda kutazama kitandani. Mchumi wa namna hii akibisha hodi, mfungulie.

Si wote wa namna hii. Nairobi, kwenye mtaa wa Kayole-Soweto, ilipangwa kwa nasibu ni viwanja vipi vyenye deni la maji vikatiwe huduma, ili kuona kama wenye nyumba watalipa. Wenye nyumba walilipa. Lakini waliokosa maji ni wapangaji, na wengi wao hawakuwa na deni lolote. Matokeo yalipotoka mwaka 2020 kelele zilikuwa nyingi, na watafiti wakaeleza kwamba kukatiwa maji ni utaratibu wa kawaida wa shirika. Maelezo hayo ni ya kweli, na mpangaji mwenye ndoo kichwani hayamsaidii.

Kuna pia mchumi asiyetaka kundi la kulinganishwa hata kidogo, kwa kuwa ameshajua jibu. Jeffrey Sachs alichagua Sauri, Siaya, mwaka 2004, kisha vijiji vingine, ukiwemo Mbola kule Tabora, akamimina kila kitu kwa mpigo: mbolea, vyandarua, zahanati, madarasa. Mambo yakaboreka. Wakosoaji walipotazama vijiji vya pembeni ambavyo havikupata chochote, wakakuta mengi yameboreka huko pia. Simu za mkononi, kwa mfano, zilienea kotekote bila kumngoja profesa.

Wa msukosuko

Huyu hutua usiku na kuingia Hazina asubuhi. Hakai muda mrefu, hali mtaani, na hana dodoso. Ana masharti, na ni ya kawaida kiasi kwamba waziri mzoefu anaweza kuyataja kabla mkoba haujafunguliwa: shusha thamani ya fedha, ondoa ruzuku, punguza watumishi, ongeza kodi.

Sisi tunamfahamu. Mwaka 1979, vita vya Kagera vimekwisha na hazina imekauka, waziri wa fedha Edwin Mtei aliona tukubaliane na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Mwalimu Nyerere akakataa, Mtei akajiuzulu. Mwanzoni mwa 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia. Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, baadaye akaenda kuwa mkurugenzi mtendaji hukohuko IMF. Nchi ikabaki na foleni: sukari kwa mgawo, sabuni kwa kujuana, ugali wa yanga, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ambao uliwafanya watu watupe bidhaa mitoni usiku.

Agosti 1986, Mzee Ruksa, mrithi wa Mwalimu, akiwa Ikulu, mkataba ukasainiwa. Shilingi, iliyokuwa kama 17 kwa dola, mwaka huo ikawa 40, na haikuishia hapo. Madukani sabuni ikaonekana. Hospitalini na shuleni likaingia neno kuchangia, na ada za shule ya msingi zikakaa hadi zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mabishano kuhusu nani alikuwa sahihi hayajaisha, na kwa maoni ya mwandishi huyu kila upande ulisema kweli kuhusu mwenzake. IMF ilikuwa sahihi kwamba shilingi yetu ilikuwa na bei ya uongo. Mwalimu alikuwa sahihi kwamba bili ingepelekwa kwa watu ambao hawajawahi kuishika dola.

Na bili haijawahi kumfuata mshauri. Indonesia, Novemba 1997, IMF ilitaka benki 16 zifungwe mara moja. Watu wakakimbilia kutoa akiba kwenye zile zilizobaki. Januari 1998 bosi wa IMF, Michel Camdessus, alipigwa picha amesimama, mikono kifuani, huku Rais Suharto ameinama akisaini. Mei ruzuku ya mafuta ikakatwa, Jakarta ikawaka, Suharto akaondoka. Camdessus alibaki kwenye kiti chake hadi Februari 2000. Au waangalie Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, ambao makala yao ya 2010 ilionya kwamba deni likivuka asilimia 90 ya Pato la Taifa ukuaji unaporomoka. Wanasiasa wa Ulaya waliinukuu walipokata pensheni na mishahara. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja, Thomas Herndon, akafungua jedwali lao na kukuta nchi tano zimeachwa nje ya hesabu, kuanzia Australia hadi Denmark, kwa sababu safu haikuvutwa hadi chini. Wenyewe waliendelea kufundisha.

Kwa mtu wa kawaida kanuni ya kujihadhari na wa msukosuko ni fupi: ukisikia "kupanua wigo wa kodi", angalia mkate. Kenya ilikuwa kwenye programu ya IMF tangu 2021, na Muswada wa Fedha wa 2024 ulipofika bungeni, mkate ulikuwemo kweli, umewekewa VAT ya asilimia 16, pamoja na kodi ya magari ya asilimia 2.5. Mkate ukaondolewa baada ya kelele, lakini vijana walikuwa wameshausoma muswada kifungu kwa kifungu na kuutafsiri kwa lugha za nyumbani. Juni 25 waliingia bungeni, damu ikamwagika, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Sijui kama kuna ujumbe wa IMF uliowahi kupata wasomaji makini namna ile.

Akishamaliza kuhoji

Mdadisi atakusomea karatasi ya ridhaa mwanzoni, na utakuwa umeitikia bila kusikiliza. Irudie mwishoni. Inasema unaweza kukataa swali lolote na kwamba pengine hutafaidika. Hilo la pili ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote kwenye dodoso. Ukipewa kilo ya sukari au sabuni kwa shukrani, pokea. Usitangaze kwa jirani, atadhani umeandikishwa kwenye kitu.

Muulize matokeo yatarudi lini kijijini, na kwa lugha gani. Atasema ataulizia kwa msimamizi. Mwandike jina kwenye daftari lako na wewe, kwa adabu tu, aone.

Mwisho ataomba namba za simu za watu watatu watakaojua uliko iwapo utahama. Usimpuuze. Kule Kagera watafiti walihoji kaya zaidi ya 900 mwaka 1991 hadi 1994, wakarudi 2004, wakarudi tena 2010, wakiwafuata watu hadi Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Wakagundua kwamba matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi kuliko ya ndugu zao waliobaki, watu waliolelewa nyumba moja. Hakuna ofisi yoyote ya serikali iliyokuwa na habari hiyo. Waliowaelekeza watafiti ni mama wadogo, wenye maduka na majirani waliokumbuka kwamba fulani aliondoka na boti baada ya msiba. Kwa hiyo toa namba za kweli: dada mkubwa, fundi cherehani pale njia panda, shemeji wa Mwanza. Ya mtu anayekudai usitoe, kwa maana siku mdadisi atakapokupata, naye atakuwa amekupata.